Matairi Mapana ya Idrisa

Kanyenye, Tabora
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mwanangu Kalunde,

Leo nitakuambia yote. Nimeiandika sentensi hiyo kwanza, tena kwa wino, ili nikifika katikati nikaona aibu nisiweze kuifuta.

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la jioni ametufundisha kwamba barua ya kwenda kwa mtu wa nyumbani ina anwani moja, na kwamba mwandishi asizunguke. Anwani nimeiweka. Kutozunguka nitajitahidi. Ni saa tisa alasiri, nimefunga kibanda mapema, nimekaa juu ya rimu niliyoipindua, daftari langu la Kidato cha Pili liko mapajani. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Kaliua kuanza kazi yako ya nyuki, na unaondokea kwa mama yako mdogo Zena kule Gongoni, si hapa nyumbani. Najua ni kwa nini. Kama Zena ameifungua barua hii kabla yako, kama ninavyomjua, basi salamu zako, Zena, sasa ikunje umpe mwenyewe.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kumsalimia mwenye nyumba kila asubuhi. Hayo unayajua. Nataka kusema juu ya matairi. Yale mapana aliyokufungia Idrisa wako hayafai kwa huko unakokwenda, na nakuomba uyavue kabla hujaondoka. Wiki mbili zilizopita nilikuambia hivyo hivyo, lakini nilikupa sababu ya uongo. Sababu ya kweli ipo. Ila siwezi kukupa ya kweli wakati ule uongo bado umesimama mlangoni.

Unaikumbuka siku ile. Gari lako fupi limesimama mbele ya kibanda, limeinuka na kutanua miguu kama jogoo. Idrisa anapangusa vumbi kwenye rimu kwa kiganja chake mwenyewe. Ulikuwa unacheka.

"Mama, hebu yaone!"

"Nimeyaona. Yanang'aa mno."

"Kwani tairi jipya linatakiwa lipauke?"

"La zamani likipakwa rangi ya viatu nalo linang'aa. Kayatoa wapi?"

"Kaagiza Dar, mama. Zawadi ya safari, jamani! Mwambie asante basi."

"Nitasema asante nikishajua nashukuru nini. Kwao kuna mazoea."

Idrisa akaacha kupangusa. "Mazoea gani, mama?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilisema, na nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza chipsi: "Marehemu baba yako alikuwa anachonga matairi vipara na kuyauza kama mapya. Mji mzima unajua. Na wewe umekulia dukani mwake."

Hakupandisha sauti. Alikupa funguo, akasema, "Baba hayupo, mama. Angekuwepo angekujibu mwenyewe." Akaondoka kwa miguu kuelekea msikitini ingawa haukuwa wakati wa swala. Wewe ukanitazama, ukasema neno moja tu, "Umeridhika?" Jioni ukahamia kwa Zena.

Kazi hii imenifundisha kushuku, mwanangu, na sikuwahi kuona kama ni ugonjwa. Mtu akiniletea tairi akasema limetembea kidogo tu, naangalia tarakimu nne za ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Akisema halijawahi kupata pancha, napitisha vidole ndani nitafute kiraka. Akiwa na haraka, naanza upya. Wateja wananicheka. Wananiita "polisi wa matairi," na mimi nilikuwa nalipenda jina hilo. Nilipoona zawadi ya Idrisa, kubwa vile, mpya vile, kwa gari kuukuu vile, moyo wangu ulikwishahukumu kabla macho hayajakagua. Nilijiambia: hakuna anayetoa vitu kama hivi bila kuficha kitu.

Sasa sikiliza nilichokifanya Ijumaa.

Idrisa alikuja na gari lako mchana, kabla ya swala. Hakuwa na sababu ya kunisalimia lakini alinisalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kalunde anaondoka Jumatatu. Nimeona ni heri fundi mwingine azikague nati za magurudumu. Mimi naweza kupitiwa."

"Mafundi wameisha mjini?"

"Wapo. Ila wewe huniamini." Alicheka kidogo, akatazama chini. "Ukikagua wewe, utakagua kweli."

Akaenda kuswali. Mimi nikainua gari. Sikukaza nati peke yake, Kalunde. Niliyavua yote manne pamoja na la akiba, nikayatoa kwenye rimu moja moja, nikaingiza tochi na kichwa ndani kama mtu anayetafuta sindano kisimani. Nilitafuta alama za kisu cha moto kwenye mifereji. Nilitafuta nyuzi. Nilitafuta uvimbe, kiraka, rangi. Nilitafuta kwa hamu, na nakuomba ulisome neno hilo vizuri, kwa hamu. Nilitaka niyaone mabaya ili niwe sikukosea.

Yalikuwa mapya. Bado yalikuwa na vile vinyweleo vya mpira wa kiwandani. Tarakimu zilisema ya mwaka huu. Kashata za kukanyagia zote nzima, na ndani ni safi kama sufuria ya bibi harusi. Kijana alitumia akili yake, mapato yake na mapenzi yake, akakununulia kitu bora katika alichokijua.

Niliyarudisha nikiwa natoka jasho. Aliporudi alasiri kulichukua aliuliza, "Vipi mama, yako salama?" Unajua nilimjibuje? "Nati nimezikaza." Basi. Nilimwona akisubiri neno la pili. Sikulitoa. Leo ni Jumapili, na hilo neno bado ninalo.

Nimejiuliza siku mbili kwa nini lilinishinda. Jibu ninalo, nilikuwa nalo hata kabla hujaanza darasa la kwanza, na sijamwambia mtu.

Bwana Seifu, baba yake Idrisa, hakuwahi kuchonga tairi hata moja. Aliyechonga ni mimi.

Nimeacha mstari mmoja hapo kwa sababu nilisimama kwenda kunywa maji.

Unajua nilifanya kazi kwake miaka mingi. Wazee wake walitoka Omani wakaja kufanya biashara hapa Tabora siku za misafara, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, alikuwa anaongea Kinyamwezi kunishinda. Tulikuwa watu watatu dukani, mimi mwanamke pekee. Tairi likishakuwa kipara, yaani kashata zake zimekwisha na limebaki laini kama kiganja, alikuwa analitupa nyuma ya duka ili mafundi wa katambuga walichukue wakakate ndala. Sheria yake ilikuwa moja: kipara hakirudi barabarani.

Mimi nilikuwa na mkono mzuri. Sijisifu, nakueleza tatizo. Siku moja nilichukua kisu, nikakipasha moto, nikajaribu kukata mifereji mipya kwenye kipara kimoja, nikifuata chapa ya zamani. Kilitoka kizuri, Kalunde. Kilitoka kizuri kuliko cha kiwandani. Chini ya mifereji ile mpira uliobaki haukuzidi unene wa kanga mbili, lakini kwa juu ulikuwa hujui. Nikafanya kingine. Nikaviosha, nikavipaka, nikaviuza mwenyewe kwa watu wa mbali ambao Bwana Seifu hakuwaona. Usifikiri tulikuwa na njaa. Mshahara wake ulikuwa unatutosha. Nilipenda tu kuona mtu anapitisha mkono juu ya kazi yangu asijue.

Mzee Venasi alikuwa mkulima wa Ulyankulu, katika wale waliotoka Burundi na wazazi wao. Alikuwa na pikapu ya kubebea mahindi. Nilimuuzia mawili ya mbele. Aliniuliza, "Mapya haya, mama?" Nikamwambia, "Karibu na mapya." Akanishukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru sana.

Baada ya wiki chache alirudi na gunia. Akalifungua katikati ya duka, akatoa tairi lililopasuka, akaliweka sakafuni taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Pikapu ilikuwa imeacha njia. Mke wake alikuwa amekaa mbele, mkono ukavunjika mara mbili, na walipomfungua plasta ulikuwa haunyooki tena. Hakuweza kushika jembe.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka kujua nilikosea wapi. Labda nilijaza upepo kupita kiasi?"

Bwana Seifu alichuchumaa. Alichukua msumari, akauingiza kwenye mfereji, ukazama kidogo tu ukagota kwenye nyuzi. Alijua pale pale. Akatuinulia macho sisi watatu.

"Nani aliuza hili?"

Mzee Venasi alikuwa ananitazama mimi, maana alinijua, lakini hakunitaja. Alikuwa anasubiri nimsaidie kuhusu upepo. Ndipo nikasema, "Labda ni upepo kweli."

Alitikisa kichwa kukubali. Alikubali, mwanangu! Mtu yule angerudi Ulyankulu akaishi na mkono wa mke wake akijua aliuvunja yeye kwa pampu.

Bwana Seifu ndiye aliyemzuia. "Si upepo wako, mzee," alimwambia. "Ni tairi langu." Akamfungia manne mapya siku ile ile. Mimi hakuniuliza tena, si siku ile wala baadaye. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa ananipa muda niseme mwenyewe, na muda huo ukaendelea mpaka akafa.

Habari ikatoka. Kwenye maduka ya Kanyenye wakaanza kusema Seifu anachonga vipara. Wateja wakapungua. Mimi nilisikia nikanyamaza. Nilipofungua kibanda changu, mteja mmoja aliniuliza ni kweli bosi wako wa zamani alikuwa anachonga? Nikasema, "Unaniuliza mimi tena?" na nikacheka kicheko kile cha mtu anayejua. Ndivyo nilivyopata wateja wake. Na hilo ndilo nililomrushia mwanawe usoni mbele yako.

Kwa hiyo ukijiuliza ni kwa nini mama yako anashuku kila mtu anayeleta tairi linalong'aa, jibu ni hilo. Namtafuta ndani yao mtu ninayemjua.

Kwa Mzee Venasi sikutumi, ingawa utakuwa jirani naye. Usiende kwa niaba yangu. Hilo ni langu, na mtihani wangu wa Kidato cha Pili ukiisha nitapanda basi mwenyewe.

Sasa nije kwenye matairi, na hapa ndipo penye ugumu wangu. Nimekuambia kwamba matairi ya Idrisa ni mazuri. Yamekamilika, na yeye ni mkweli. Na bado nakuambia usiende nayo. Ungekuwa na haki ya kucheka. Lakini ubora wa tairi ni kitu kimoja na saizi yake ni kitu kingine, na mimi nilivichanganya makusudi kwa sababu kumshuku mtu kulikuwa rahisi kuliko kueleza hesabu.

Hesabu yenyewe nimeielewa mwaka huu tu. Mwalimu Neema, yule wa hisabati, ni mdogo kuliko wewe. Kila jioni ananiambia shikamoo mlangoni, halafu darasani ananiambia "Mama Kalunde, hujaonyesha njia." Alipotufundisha mzingo wa duara, kwamba unachukua kipenyo unazidisha kwa ishirini na mbili, unagawanya kwa saba, sikumwamini.

"Mwalimu, hiyo saba imetoka wapi?"

"Mama, watu wamepima tangu zamani."

"Watu gani?"

Darasa likacheka. Kesho yake nikachukua kamba, nikaizungusha kwenye tairi hapa kibandani, nikapima kipenyo, nikafanya hesabu kwa kijiti mchangani. Ikatoka sawasawa. Nilikaa pale nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Miaka yote nimeyashika haya maduara na sikujua kwamba yana siri moja.

Ijumaa nilipokuwa nimeyavua nilipima pia. Gari lako lilitoka kiwandani na tairi jembamba refu, lile tunaloliita saba na nusu kwa kumi na sita: upana wa inchi saba na nusu, rimu ya inchi kumi na sita. Mzingo wake ni sentimita mia mbili hamsini na tatu. La Idrisa linakaa kwenye rimu ya inchi zile zile, lakini ni pana mno na limenenepa kwenda juu pia, mzingo wake mia mbili sabini na sita. Kila gurudumu likizunguka mara moja, gari linakwenda sentimita ishirini na tatu zaidi ya linavyojua. Saa ya mwendo inahesabu mizunguko tu. Ikikuonyesha themanini, wewe unakwenda karibu themanini na saba. Ikisema umetembea kilomita mia, umetembea mia na tisa. Dizeli yako utaipimia kilomita za uongo, huko msituni ambako kituo hakuna. Nilidhani Idrisa ndiye mdanganyifu, kumbe ni saa, na yenyewe haina nia mbaya.

Halafu kuna uzito. Gurudumu kubwa linaidai injini nguvu ya ziada kuanza kulizungusha, na breki nguvu ya ziada kulisimamisha. Ukiwa mtupu hutahisi. Ukiwa umepakia ndoo za asali kwenye mteremko, utahisi. Na kwa kuwa matairi yale yangegusa springi, Idrisa ameweka vipande vya chuma nyuma ya rimu kuyasogeza nje. Gurudumu limesimama mbali na pale lilipokusudiwa, linaning'inia kama ndoo iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Jaribu kushika hivyo dakika tano uone bega linavyosema. Beringi zako zitasema hivyo hivyo. Na chini ya madigadi ya mbele nimeona rangi imekwanguka tayari, hapa mjini tu, kwa kukata kona.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni mbuga, yale mabonde ya tope jeusi. Lami itakwenda na wewe vizuri mpaka Kaliua, na utaniona mama yako mwongo. Njia hiyo ya kwenda Ujiji waliichagua wapagazi wa misafara wenye mizigo kichwani, na walichagua mgongo wa nchi, wakayakwepa mabonde ya udongo mweusi. Nyuki hawakwepi. Wanakwenda penye maua, na wafuga nyuki wako wamewafuata, kwa hiyo wewe utashuka kwenye mbuga ambazo wapagazi walizipita mbali. Na mvua imeanza.

Nilikwenda mara moja kumkwamua mteja kwenye mbuga upande wa Igunga. Gari lake lilikuwa na matairi kama haya yako. Kwa muda lilipita juu ya tope kama linaelea, akafurahi, akaongeza moto. Halafu ganda la juu likapasuka. Tairi pana haliwezi kukata kwenda chini kutafuta udongo mgumu, linakoroga tu, na udongo ule mweusi unapanda unajaa madigadi mpaka gurudumu halizunguki. Tulikuwa tunachimba kwa mikono ilipokuja pikapu ya pamba, kuukuu, ina tairi nyembamba kama za baiskeli. Dereva wake Msukuma akapunguza mwendo ili atutazame vizuri.

"Nyie Wanyamwezi! Gari mmelivalisha viatu vya sikukuu, mnalipeleka shambani?"

"Pita zako, mtani! Utazama mbele huko!"

"Nikizama nitawaita, si mna magurudumu makubwa!"

Akapita. Matairi yake yalizama kiasi cha shubiri, yakakanyaga chini palipo pagumu, yakaacha mifereji miwili iliyonyooka. Tuliyasikia yakienda mpaka sauti ikaisha.

Sikuambii kwamba jembamba ni dawa ya kila kitu. Kwenye mchanga mzito pana ni bora, na hapo itabidi upunguze upepo wa jembamba mpaka liote tumbo kidogo, likanyage kwa urefu, halafu ulijaze tena ukitoka. Penye tope lisilo na mwisho utazama na lolote, shuka upime kwa fimbo kwanza. Lakini fikiria na visiki vya njia za msituni, vile vilivyokatwa mshazari kwa panga. Ubavu wa tairi ndio ngozi yake laini, na pana linautoa nje ya gari kwenda kukutana navyo. Na siku limepasuka? Pikapu zote za tumbaku kule zinavaa saba na nusu kwa kumi na sita. Utaazima kwa mtu yeyote, na tyubu lake litazibwa na fundi yeyote wa baiskeli. Lile la Idrisa utalisubiri kwa treni kutoka Dar, wewe na asali yako.

Hapa kibandani nimeweka pembeni magurudumu matano ya saizi hiyo. Rimu ni za chuma za kipande kimoja, si zile za pete ya kufyatuka. Matairi ni mapya. Najua unachofikiri, ukiyapata yapekue: soma tarakimu, pitisha vidole kwenye mifereji, mwite Idrisa ayapekue pia. Nitafurahi mkifanya hivyo. Yale yake usiyauze wala kuyarudisha. Yahifadhi kwake, siku mtakayosafiri kwenye njia ya mchanga nitakuwa wa kwanza kuyasifia.

Idrisa nitamwambia habari ya baba yake. Hilo sikuulizi ruhusa. Kesho kabla hajafungua duka nitakuwa mlangoni kwake, na nitamwambia kwa sauti ile ile niliyomtukania, na muuza chipsi nitamwita. Kama hataki kunisikia nitasema nikiwa nimesimama nje. Sifanyi hivyo ili uyavue matairi. Hata ukiondoka nayo nitakwenda.

Mzee Ramadhani wa bodaboda yuko hapa nje, ndiye atakayekuletea barua hii. Nimemwambia asitoke Gongoni bila jibu. Ukisema ndiyo, nitakuja jioni hii na guta, magurudumu, jeki na spana, na kazi itakuwa ya saa moja. Ukisema hapana, sitakuja kukubishia, nitasubiri simu yako ukifika.

Nimekuwa fundi wako tangu baiskeli yako ya kwanza, na hujawahi kuniuliza mara mbili. Mtu aliyekulea kwa neno lake sasa amekuambia kwamba neno lake liliwahi kumvunja mwanamke mkono, na likamchafua marehemu. Nimeandika hesabu yote hapa, nimeonyesha njia kama Mwalimu Neema anavyotaka, na bado najua kwamba hutaipima kwa kamba. Utaipima kwa kunitazama mimi. Kwa hiyo nijibu, Kalunde, hata kwa neno moja nyuma ya karatasi hii: baada ya kuyajua haya yote, nikikuambia tairi hili litakurudisha salama, bado utaniamini?